Nilipeleka Jembe Kuomba Kuchimba, Sasa Naitwa Shemeji

Mpendwa mshauri, kabla hujacheka ujue mimi si mtu mdogo hapa Mbeya, niliwahi kumfukuza chui kwa kofia tu, lakini hili la Idodi, kule Iringa, limenishinda, naomba msaada. Nilinunua detekta, ile mashine inayolia ikinusa chuma ardhini, na kwa akili yangu ya darasa la tano nikajua kabisa Mjerumani wa enzi za ukoloni alifukia hela kwenye shamba la mjane mmoja Mhehe, Devota, basi nikasema siingii kama mwizi, nitaomba ruhusa kistaarabu, nikanunua jembe jipya liwe zawadi, nikavaa koti, nikaenda.

Kaka yake, Saulo, akalipokea kwa mikono miwili, wanawake wakapiga vigelegele, nikajua sifa zangu zimetangulia, nikaanza kisa cha chui, kikanoga, nikaunganisha na cha mamba, mpaka kuku analetwa sijalitaja shamba. Saulo akauliza, “Wazee wenu watakuja lini?” Nikamjibu, “Wazee wa nini? Mimi peke yangu natosha.” Wakacheka mpaka bibi mmoja akashika ukuta. Wakati naondoka ndipo Devota akaniambia kwamba kwao mwanamume mgeni akileta jembe jipya, ameleta posa. Nikanyamaza, mshauri. Mimi! Sasa Saulo kanipigia, simu kaipokea mke wangu Tumpe, kasikia, “Kamwene, shemeji! Dada anakusalimu.” Tangu hapo amehamia chumba cha binti yetu Ikupa. Nifanyeje nisimkose mke, na shamba nalo?

Lutengano, Mbeya

Mjomba Lutengano, pole, ingawa yule chui nampa pole zaidi. Kwenda kwa mwenye shamba ulifanya vyema. Wenzako huingia na sururu kimyakimya, wakaacha mashimo ya kuvunja ng'ombe miguu. Ila uliomba nini, kama shamba hukulitaja? Na mama wa watu alikufungulia mlango wa kusema kweli, ukanyamaza usije ukamkosa Mjerumani wako! Leo majirani wanamuuliza harusi lini.

Mweleze Tumpe yote leo, bila chui. Kisha nendeni wawili Idodi, aongee yeye. Mwombe Devota radhi mbele ya Saulo. Habari ya kuchimba usiiguse siku hiyo. Akija kukuruhusu mwenyewe baadaye, mkubaliane mbele ya mwenyekiti wa kijiji uchimbe wapi, kitakachoonekana ni cha nani, na mashimo utayafukia lini. Akikataa, uza mashine.

Akikubali, nenda na jembe lingine, kuukuu. Lile la kwanza Devota analimia.