Mume Wangu Ameishusha Habari ya Kifo cha Mdogo Wangu

Mpendwa Mama Huguette,

Naomba msaada, lakini nakuambia mapema kwamba sikukuandikia ili nilie, machozi niliyamaliza kwenye kilio cha mdogo wangu Stany, aliyefukiwa na udongo ndani ya shimo la shaba siku ya Alhamisi iliyopita baada ya mvua, yeye na wenzake watatu, na mume wangu Mulumba ndiye aliyemfukua kwa mikono mpaka kucha zikamtoka, hilo siwezi kumnyima. Stany alikuja Kolwezi kutoka kwetu Kisenge kwa sababu nilimwita mimi, kwa hiyo unaelewa inavyoniuma.

Unaujua ule ukurasa wa simu, Mbiu ya Lualaba, ambapo msomaji yeyote anaweka habari na wengine wanaipigia kura, mshale wa juu inapanda mbele ya macho ya watu wote, mshale wa chini inazama mpaka hakuna anayeiona. Siku ileile niliweka majina yote manne na picha ya shimo, nikaona inapanda, ya tano, ya tatu, ya kwanza, watu wa Lubumbashi mpaka Kinshasa wanauliza, Rachelle mke wa Stany naye akaisoma akiwa sokoni Manika, wazee walikuwa hawajafika kwake, lakini siku ile kila kitu kilikwenda mbio, halafu kesho yake kamati ya wachimbaji ikakutana, na Mulumba ndiye katibu wao, wakakubaliana kila mchimbaji mwenye simu abonyeze mshale wa chini, maana kampuni yenye eneo inatafuta sababu tu ya kuwafukuza. Kufikia jioni Stany alikuwa amezama, na juu kabisa palikuwa na mbuzi aliyekula diploma ya mwalimu mmoja wa Dilolo.

Nilichukua simu ya Mulumba nikauona mshale wake, wa chini. Nilipomuuliza alijibu akiangalia sahani, akitaka niifute:

"Ndaya, tosha ile habari. Ikipanda, basoda batakuya na bunduki kutufukuza shiye bote. Stany alishakufa. Benye kubakia banapashwa kula."

"Na mama kule Kisenge nitamuambia nini?"

"Kama haukuitosha mbele ya dimanche, utaenda kumuambia wewe mwenyewe, na bitu byako byote."

Tuna watoto watatu na miaka kumi na moja ya ndoa. Mama, sitaki kuifuta, na anayetaka niifute anipe sababu iliyo kubwa kuliko mdogo wangu. Nifanye nini? Na jina langu usilifiche.

Ndaya, Manika

*

Ndaya,

Usiifute. Nimekupa jibu mwanzoni ili mengine uyasome ukiwa umetulia.

Sasa kaa nikukemee, maana kosa lako kubwa hukuniuliza habari yake, umelipitisha harakaharaka katikati ya maneno kama mtu anayepitisha chupa ya pombe ya lutuku mbele ya padri. Rachelle alisoma kifo cha mume wake sokoni. Tangu lini? Kwetu mjane haambiwi akiwa amesimama. Wazee wanakuja, wanamkalisha, mwanamke wa kumshika anakuwa karibu, ndipo neno linasemwa. Wewe uliwaambia watu wa Kinshasa kabla ya kumwambia mke wake. Ile mishale iliyokuwa inapanda ilikulewesha, mwanangu, na kama hujaona aibu bado, ione leo.

Mumeo si adui. Anaogopa njaa, na njaa ya Kolwezi haina mzaha. Lakini amekosea. Mwulize, shimo lile la karibu na makaburi lilipofungwa mwaka jana na watu wakatolewa kwa fimbo, ni habari gani ilikuwa imepanda? Hakukuwa na habari yoyote.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikaa wiki tatu kwenye kituo cha gari moshi hapahapa Kolwezi, kwa sababu baba yangu Kabeya alikuwa mtu wa Kasai na watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa mkoani, wanangoja treni ya kuwaondoa. Wakubwa walituambia tunyamaze, tusimchokoze mtu. Tulinyamaza vizuri sana. Mdogo wangu Mbuyi alikufa palepale kwa kuhara, na tukafukuzwa vilevile. Nilirudi mwenyewe nikaolewa hapa, na hakuna atakayenifundisha tena kwamba kunyamaza kunamlinda mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Leo, si kesho, nenda kwa Rachelle. Usimpigie simu. Kaa naye chini na uombe msamaha kabla ya neno lingine lolote. Mimi nimekutangulia kwake, maana siwezi kutoa ushauri juu ya marehemu wa mtu bila kumsikia mwenyewe, na aliniambia hivi: "Ndaya akuye na miguu yake. Nilimukasirikia sana. Lakini jina ya bwana yangu isishuke."

Kisha mwende wote wawili, pamoja na wajane wa wale watatu, mpaka kwenye mkutano wa kamati, msimame mbele ya wanaume wale mpaka wawatazame usoni. Waambieni waweke habari ya pili, iliyo yao: nani amekufa, kwa nini shimo halikutiwa miti ya kushikilia udongo, na wanataka nini ili wachimbe bila kufa. Mulumba ndiye katibu, basi aandike yeye. Na Jumapili, hiyo dimanche yake, akikuonyesha mlango, mwambie umeuona, kisha endelea kupika. Nyumba hiyo mmeijenga wawili.

Na usiuogope sana ule ukurasa unaoweka mbuzi juu ya wafu. Gazeti langu ni la karatasi, linafika mpaka Kisenge, na likishasomwa wanafungia karanga, na bado mtu anasoma huku anatafuna. Kwa ruhusa ya mke wake naandika: Stany Mukuna wa Kisenge, miaka ishirini na sita, alikufa shimoni siku ya Alhamisi.

Hapa hakuna mshale wa kubonyeza.

Mama Huguette