Marundo Thelathini na Nane

Jumamosi, 4 Oktoba. Tukuyu.

Tangu asubuhi ukungu haujaondoka. Mvua siyo, jua siyo. Ni ule unyevu wa kwetu unaolowesha kanga kwenye kamba bila kuona tone likidondoka. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai imepoa mara mbili. Nimejaza ukurasa mzima wa mahesabu, nikaukunja, nikaukunjua tena kana kwamba namba zingebadilika humo ndani.

Sababu ya kutotulia naijua. Jumatatu saa nne natakiwa nimjibu muuzaji wa Mbeya kama nachukua mashine kubwa ya kusaga matawi au ndogo. Kabla ya leo nilikuwa na jibu. Sasa ninalo jingine, na hili la pili linanitaka nifanye kitu ambacho sijazoea kukifanya.

Nianze mwanzo, maana wengine mnaosoma hapa hamnijui.

Baba alipofariki, kaka yangu Ambwene alipata chai na migomba. Mimi, mtoto wa kike niliyeolewa nikarudi, nilipewa ekari mbili za miti kule Lufingo, kwenye mteremko. Milingoti, yaani mikaratusi, na miwati iliyojiotea yenyewe. Kikao cha ukoo kikaongeza na sharti: ikifika Krismasi hii shamba bado ni pori, linarudi kwa familia. Familia maana yake ni Ambwene. Chai yake haikuwekewa sharti lolote. Nimeuliza kwa nini, nikaambiwa chai tayari ni shamba.

Sikulia. Nilihesabu.

Miche ya parachichi, mita saba kwa saba, ukitoa kingo na ule mwamba wa katikati, inaingia mia na hamsini. Mwezi wa saba nikampata mnunuzi wa nguzo. Akakata miti, akabeba magogo yake, akaniachia matawi. Marundo arobaini na matatu, mengine yananipita urefu. Mvua za kupandia ni mwezi ujao, na chini ya marundo hayo huwezi kuchimba hata shimo moja.

Kila mtu ananiambia choma. Kuchoma siwezi. Upande wa chini shamba langu limepakana na chai ya Ambwene. Cheche moja tu na kikao kitaitishwa kabla moshi haujaisha. Halafu ule mteremko ukiuacha mtupu, mvua ya kwanza itaushusha udongo wote mtoni. Nataka matawi yasagwe yawe chenga, nizitandaze kwenye mashina ya miche, zishike udongo na unyevu. Hilo sijalisoma kokote. Nimeendesha mashine ya kusaga nafaka miaka kumi na minne hapa mjini, na najua kitu kikisagwa kinachukua nafasi ndogo na kinapata kazi mpya.

Basi, Alhamisi nilikwenda Mbeya, Mwanjelwa, nimebeba kiroba cha matawi yangu mwenyewe. Kumi na mawili, nimeyachagua kwa unene, kuanzia kidole gumba hadi kifundo cha mkono. Muuzaji anaitwa Shabani, mtu mzima, mcheshi, mwenye maneno ya dukani. Alipoona kiroba akacheka.

"Mama, umetuletea kuni? Sisi hapa tunatumia gesi."

"Nimekuletea mtihani," nikamwambia.

Akaanza na ile ndogo, ya petroli, hosipawa saba. Akachukua kipande cha mbao kavu alichokuwa nacho pembeni, akakitumbukiza mdomoni mwa mashine, kikatoka upande wa pili kama pumba. "Unaona? Inakula kama biskuti."

"Hicho hata mjukuu wangu anakivunja kwa goti. Tia hili."

Nikampa mlingoti mbichi, unene wa kifundo cha mkono. Mashine ikanguruma, ikaguna, mkanda ukaanza kunuka, injini ikazima. Shabani akatazama karatasi ya mashine. Inasema sentimita saba na nusu.

"Karatasi yako haijawahi kukutana na mlingoti wa Rungwe," nikamwambia.

Tukashuka unene, tawi baada ya tawi. Sentimita tano, ikazima. Nne, ikapita kwa kulalamika. Tatu na nusu, ikapita inaimba. Nikaandika tatu na nusu. Hiyo ndiyo namba ya kweli. Zile nyingine ni za karatasi.

Kubwa ni ya dizeli, hosipawa kumi na nane. Ilikula kiroba chote na ingekula kiroba chenyewe kama nisingekivuta. Lakini ina kilo karibu mia nne, na kwenye mteremko wangu kila kuihamisha ni wanaume sita. Na bei yake, nikibahatika kupata mnunuzi mwenye haraka, ni mashine yangu ya kusaga nafaka pamoja na injini yake.

Ile mashine nilianza kuitafuta nikiuza ndizi za kuchoma stendi. Nayajua matundu yake ya chekecheo kama ninavyoyajua meno yangu.

"Chukua kubwa, mama, uondoe mawazo," Shabani akasema.

"Mawazo ndiyo yamenifikisha hapa, baba."

Akacheka tena, akaniwekea zote mbili mpaka Jumatatu. Jana nilishinda na uamuzi: nauza mashine ya kusaga, nanunua kubwa, nasafisha shamba, napanda, namfunga Ambwene mdomo. Hata mnunuzi nilishaanza kumfikiria, yule jamaa wa Masukulu aliyeniulizia mwaka jana.

Lakini mimi sinunui kitu kwa hasira bila kukipima. Leo asubuhi nikaenda Lufingo na futi, nipime rundo moja zima, nijue mashine kubwa italimaliza kwa saa ngapi.

Nilipima rundo la kumi na saba. Matawi mia mbili na kumi na mawili. Yanayozidi sentimita tatu na nusu ni sitini na moja tu, lakini hayo sitini na moja ndiyo uzito wote, ndiyo yaliyofanya rundo liwe rundo. Nikaketi juu ya kisiki nikijiambia, haya, ni kubwa tu, hakuna njia.

Ndipo nikageuka upande wa njia.

Kule njiani kuna marundo matano ambayo siyahesabu, kwa sababu nayaona ni hasara. Hayo wanawake waliyawahi mwezi wa nane, siku chache baada ya magogo kuondoka. Walikuwa sita, wanakuja jioni na mapanga, wanachagua kuni. Kwetu huku gogo lina mwenyewe, tawi halina. Mti ukiangushwa, matawi ni ya jirani atakayewahi. Hakuna anayeomba na hakuna anayekataza. Nimekua nikiliona hilo, na mama yangu alipikia matawi ya watu maisha yake yote.

Mimi nilikataza.

Niliwakuta siku ya tisa. Mama Tusekile, ambaye ni wa rika la mama yangu, alikuwa tayari ana mzigo kichwani. Nikamwambia ashushe. Nikasema matawi ni yangu, nayahitaji yote, nitayasaga. Nilisema mbele ya wenzake watano. Nilikuwa bado na hasira ya kile kikao cha ukoo na kila mkono nilioona ukigusa shamba lile niliuona ni mkono wa Ambwene.

Akashusha. Akajifuta vumbi begani, akaniangalia. "Basi kaa nayo, mwanangu. Yakulishe."

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa. Nilijiona mshindi.

Leo nikaenda na futi kwenye yale matano. Rundo la kwanza linanifika magotini. Nikatafuta tawi nene kuliko yote: sentimita tatu. La pili: tatu na nusu. La tatu: mbili na nusu, mengi ni vijiti na majani. Nikapima yote matano. Hakuna hata tawi moja ambalo mashine ndogo ingelikataa.

Bila shaka hakuna. Mwanamke anayetafuta kuni hachukui vijiti. Anachukua kinachokaa na moto, anaacha kinachowaka na kuisha. Anapima kwa jicho na panga, na anaishia palepale ambapo mashine ya Shabani inaanzia.

Nilisimama pale na futi mkononi nikaona aibu, nyie. Nilikuwa tayari kuuza mashine ya miaka kumi na minne ninunue nyingine ya kufanya kazi ambayo wanawake sita walikuwa wanaifanya bure.

Sisemi walikuwa wananisaidia. Walitaka kuni zao. Lakini kuni zao ndizo mzigo wangu, na mimi nimeukalia mzigo miezi miwili nikiulinda kama mali.

Nikiwa bado nimesimama, akapita yeye mwenyewe. Mama Tusekile, na mzigo kichwani, anatoka ng'ambo ya bonde. Siku hizi anafuata kuni huko, kupanda na kushuka, kwa sababu yangu. Miguu yake naijua. Hata mtu mwenye miguu mizuri ile njia inamchosha.

"Ugonile," akanisalimia, kana kwamba hakuna kitu.

Nikaitikia, nikaongeza "ndaga, mama", asante ya kwetu. Akasimama, mkono mmoja umeshika mzigo.

"Mashine imefika?"

"Bado, mama."

"Aa," akasema. Akaangalia marundo yote, taratibu, kutoka juu mpaka chini kwenye chai ya kaka. "Mvua nayo haijafika." Akaenda zake.

Nikakunja futi taratibu mpaka alipofika kwenye kona.

Ndiyo maana situlii. Siyo Shabani, siyo Ambwene. Ni zile hatua ishirini alizotembea hadi kwenye kona na mimi sikumwita.

Nimerudi nyumbani nikakimbilia namba, kama kawaida yangu. Wanawake sita walichambua marundo matano kwa siku tisa. Yamebaki thelathini na nane. Kwa mwendo huo ni siku sitini na nane, inaangukia katikati ya Desemba, nimechelewa. Wakiwa kumi na wawili ni siku thelathini na nne, yaani mwanzoni mwa Novemba. Mimi nafuata nyuma yao na mashine ndogo, rundo lililochambuliwa ni kama saa mbili, kwa siku matatu. Mashimo yanachimbwa palipoachwa wazi. Krismasi inakuta miche mia na hamsini ardhini, na mashine yangu ya kusaga iko palepale inasaga. Nimerudia mara tatu. Inakubali.

Inakubali wakija kumi na wawili. Na hao hawaji kwa hesabu.

Njia ya haraka ya kuwapata ni kanisani kesho, kwenye matangazo baada ya ibada. Mtu anasimama, anasema lake, watu wote wanasikia. Wenye ng'ombe wanaouza maziwa husimama, wanaotafuta vibarua husimama. Mimi nisimame niseme shamba la Lufingo liko wazi, njooni na mapanga. Na Ambwene ni mzee wa kanisa, atakuwa kiti cha mbele, ananiangalia uso kwa uso. Nimeshamsikia akilini: dada yetu ameshindwa, sasa anaita watu wote. Aseme. Krismasi ana haki ya kuja kuhesabu.

Hilo la Ambwene naliweza. Lisilowezekana ni kusimama mbele ya kanisa zima kabla sijasimama mbele ya mtu mmoja. Nilimshushia mzigo mbele ya wenzake. Nikitangaza tu, atakuja kila mtu isipokuwa yeye, na wale watano wa kwake hawatakuja bila yeye. Hata wakija, mimi nitajua.

Nimejaribu kupanga maneno. Mara ya kwanza nilianza na siku sitini na nane. Nikafuta. Mara ya pili nikaanza na Ambwene na kikao na jinsi nilivyoonewa, nikaona huyu mama hakuwepo kwenye kikao, yeye alikuwa na mzigo wa kuni tu. Nikafuta tena.

Jumatatu nitampigia Shabani nichukue ndogo, na aongeze seti ya visu vya akiba na mkanda wa pili, la sivyo atabaki nayo. Hiyo sehemu ni rahisi, nimeizoea.

Ibada ya kwanza ni saa moja. Saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni kwa Mama Tusekile, na kutoka hapa kwenda kwake nitapitia shambani nifunge mzigo mmoja wa matawi manene, wa kumtosha, niubebe mwenyewe kichwani. Miaka mingi sijabeba kuni. Watu wa njiani wataniona, na waone.

Nikifika nitautua pale nje jikoni kwake, niseme samahani, ninyamaze. Namba zikae mfukoni mpaka aulize.