Macho ya Joka

Mamangu mpenzi,

Nakuandikia nimeketi garini, nje ya karakana ya fundi wa vyombo vya kale hapa Saint Paul, na mguu hautulii. Kutoka Burnsville nimeendesha kama ninayefukuzwa, nimefika kabla hawajafungua. Sasa sina la kufanya ila kukusumbua wewe.

Sahani yako ya joka imo humo ndani.

Unakumbuka ilivyokaa kwenye kidaka cha ukutani, mkabala na kitanda changu? Manjano, kijani, urujuani, na joka limejikunja katikati, linanikodolea macho. Nilikuwa na homa, nikalia kuwa linanitazama. Hukunikemea. Uliishusha, ukachukua kisu, ukakwangua, ukakwangua, hadi macho yote mawili yakawa meupe. "Sasa halioni," ukaniambia. "Lala." Baba alipouliza, ukamwambia ni uchakavu tu, huku ukinikonyeza. Lo, ulikuwa mwongo wewe!

Juma lililopita kaka Twalib alimwita mtaalamu nyumbani kwake Eden Prairie aikague sahani. Akahesabu kucha za joka: tano kila mguu. Ati hiyo ni kazi ya tanuri za mfalme wa China, si chombo cha mtu wa kawaida. Kisha akaguna, akauliza ni mshenzi gani aliyeyaharibu macho. Mshenzi, Mama! Na mimi nimesimama pale pale, nikaificha siri yetu. Twalib akaileta huku itiwe macho mapya.

Tangu hapo sina raha. Chapati zinaungua, nawafokea watoto bure. Nina hasira, na zaidi ya hasira nina hofu, maana mikwaruzo ile ndiyo alama pekee ya mkono wako iliyobaki duniani. Asubuhi hii nimempigia Twalib, nikamweleza yote. Akasema, "Dada, mbona hukusema? Haya, wahi."

Wamefungua. Nashuka.

Nimerudi, ninayo mapajani. Fundi alikuwa ameshatia jicho moja, Mama. Jeusi, linang'aa, likanitazama vilevile. Akasema rangi huchukua siku mbili kukauka, nisiiguse. Nikaingia garini, nikafunga mlango, nikalifuta kwa ncha ya mtandio wangu. Limetoka lote.

Sasa halioni, Mama. Lala.

Mimi,
kitindamimba wako