Aproni ya baba yako

Charifa mwanangu,

Mchuzi wa samaki upashe moto kabla ya kula. Zile aproni tatu za wauza nyama wa Mangarivotra, mifuko yake ishone mara mbili, visu visije vikaitoboa.

Mimi nimekwenda kisiwani Nosy Be kwa baba yako. Asubuhi ulipoijaribu aproni yake ukacheka ukisema inafagia sakafu, baba unayemkumbuka wewe si mrefu hivyo, nilikukaripia bure. Yuko kule tangu mwaka wa uhuru, anapika maua ya langilangi kutoa mafuta ya manukato, na aliponiandikia nimshonee aproni sikuwa na kipimo chake. Nilikata kwa kukumbuka tu. Kifuani nikaweka kitambaa maradufu kwa ajili ya mvuke, ukingoni utepe mwekundu ili apendeze. Sikujua kwamba miaka yote hii nimekuwa nikimrefusha.

Hata hivyo, ungecheka kidogo tu.

Cherehani ifunike. Nitarudi ~~Jumapili~~ nikishampima mwenyewe. Kama kweli ni mfupi hivyo, nitapandisha pindo akiwa ameivaa aproni, wala sitafanya haraka.

Mama yako