Mbao za Banda la Kuku

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kiminini tuko salama, na mama yako amemaliza kupalilia mahindi. Umeuliza kama hiyo maktaba unayochora ivalishwe mbao kwa nje. Hapo umenichanganya.

Nikiwa msichana, kanisa letu lilikuwa la mbao za saiprasi. Tuliona aibu, tukazing'oa, tukajenga la mawe, siku ya kulifungua tukaimba mpaka sauti zikakauka. Juzi Kitale niliona benki mpya: ukuta wa mawe, na juu yake wamepigilia mbao. Nikazigusa. Askari akaniita bibi kwa lugha yetu: "Kukhu, unatafuta nini?" Nikageuka, nikaenda zangu.

Mbao za kanisa bado zimezunguka banda langu la kuku. Ukija uziangalie, halafu uniambie tulikuwa tunaona aibu ya nini.

Ni mimi kukhu yako,
Nasimiyu