Site iko, baba mukubwa

Zaituni, uko? Usinijibu, soma tu. Nimetoka saa hii kwa duka ya baba mukubwa Shaabani.

Nilienda kumuonyesha ile site yangu ya internet, ya kutafutia wanafunzi vyumba vya kupanga. Sijamaliza hata kuifungua, akatoa telefone yake mbele ya wateja, akaonyesha site ya watu wengine ya vyumba: "Hii kitu iko tayari. Ona. We umechelewa, mutoto."

Watu wakacheka.

Nikamuambia sawa, iko. Lakini pale soko ya Kamenge wamama wangapi wanauza samaki ndogo, ndagala, kwa mustari moja, na wote wanauza? Mi naenda mwenyewe kuona chumba, nauliza kama maji inatoka, nauliza portail, ile geti ya nje, inafungwa saa ngapi.

Akasema: "Iko tayari. Wacha hiyo, tafuta mume."

Mume, Zaituni. Mbele ya watu.

Nikachukua sakoshi yangu, nikatoka. Akanifuata mpaka kwenye mulango, sauti chini: "Sikia, Saniya wangu anaanza université. Umutafutie chumba kule mutaa wa Mutanga Sud."

Nikamuambia: "Baba mukubwa, site iko. Umetuonyesha mwenyewe."

Unajua alinijibu nini? "Ile tulishaijaribu. Kila nyumba tunayopigia, wanasema iko na watu tangu mwaka jana."

Tangu mwaka jana. Alikuwa anajua ile site haisaidii. Vile watu walikuwa wananicheka, yeye alikuwa anajua.

Chumba nitamutafutia, Saniya hana kosa. Lakini baba yake atakiona kwenye site yangu, kwa ile telefone yake, mbele ya watu wale wale.