Hodi ya Tatu

Mama,

Jumamosi alikuja nyumbani. Yeye, mwalimu mkuu wako, yule aliyekufukuza kazi kwa sababu ya neno moja. Kazeeka, shingo imekuwa kama ya kobe, na sikumwonea huruma hata chembe.

Nikwambie kilichomleta. Shule ile ile ya Rayners Lane, hapa London, inafungua ukumbi mpya, na siku hiyo watoto watacheza mchezo wako, ule wa nahodha wa Kizungu anayeshuka pwani ya Amerika. Gazeti la mtaani limeandika kwamba yeye ndiye aliyeugundua. Aliugundua, Mama! Nilicheka, kisha nikalia kwa hasira.

Unakumbuka mchezo ulivyokuwa kabla hujautia mkono? Nahodha anashuka, anachomeka bendera mchangani, sisi watoto tunaoigiza wenyeji tunapiga magoti na kumpa kasuku. Wewe ulikuwa msaidizi wa darasa tu, umepewa kushona nguo. Ukawa unashona joho la nahodha mezani kwetu, pini mdomoni, unanung'unika: "Kaingia nchi ya watu bila hodi? Mamake hakumfunza?" Kesho yake ukatufunza sote, Wahindi, Wakenya, Waingereza: hodi mara tatu, usipoitikiwa rudi ulikotoka. Sisi wenyeji ukatuambia tunyamaze.

Siku ya wazazi nahodha akapiga hodi zake. Kimya. Akatutazama, akakunja bendera, akarudi merikebuni. Ukumbi mzima ulipiga makofi, isipokuwa mwalimu mkuu. Alikusimamisha mbele yao, nami nimevaa manyoya yangu ya karatasi, akasema historia haikuwa hivyo, wale waliingia, na hataki vineno vyako vya Kiafrika shuleni mwake. Ukamjibu kwa upole: "Najua waliingia. Ndiyo maana." Wiki ile ile ukaambiwa usirudi. Cherehani ukaifunika shuka, hukuifunua tena mpaka tunakuzika.

Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule mgeni alikuja, mwenyeji akafa kwa ndui na kwa upanga, na mgeni akaitwa mgunduzi. Huyu wetu naye anataka joho na bendera ulizoshona, ajipambe nazo jukwaani. Alipiga simu. Hakuomba, alisema anakuja kuzichukua.

Nikakaa kwenye ngazi, kasha lako lenye joho na bendera mapajani. Akagonga, nikanyamaza. Akagonga tena, akaita "Missis Zura," vile vile kama zamani, kana kwamba maiti angemfungulia. Kisha akainama, akafungua kile kitundu cha barua mlangoni, akasema: "Hodi?"

Mama, ulimi wetu huu! "Karibu" ilinifika kwenye meno. Mtu akipiga hodi unaitika kabla hujafikiri, ndivyo ulivyonilea. Nikajitia mkono wa joho mdomoni, nikauma. Bado unanukia udi wako. Nikasikia anavyohema, halafu nikasikia hatua zake zinaondoka. Sijapata kufurahi hivyo tangu ufe.

Shangazi anasema nimsamehe, mzee wa watu. Sitaki. Namchukia, na kwa sasa chuki hii ndiyo inayoniamsha asubuhi.

Siku ya ufunguzi nitakwenda. Nimeshawaita wenyeji wenzangu wa darasa lile, wengine wana watoto sasa, tutakaa safu ya mbele. Akianza kueleza alivyougundua mchezo, nitasimama nimuulize mbele ya watu wake hodi alifunzwa na nani. Nakuahidi hatoshuka jukwaani mpaka alitaje jina lako, tena alitamke sawasawa: Zuhura.

Lala, Mama. Mungu akutilie nuru huko uliko. Leo nimeifunua cherehani. Joho lilikuwa la mtoto, nimeliongeza kitambaa. Linanitosha.

Mwanao,
Rukia